Maneno ya Daktari Yafike Nyumbani

Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa haendi hospitali peke yake. Hata akipanda daladala mwenyewe kutoka Igoma au Buhongwa jijini Mwanza, nyuma yake yuko mama mkwe aliyemkopesha nauli, yuko kaka wa Geita anayesubiri simu, na yuko baba mdogo wa Kwimba ambaye asiposema neno hakuna ng'ombe atakayeuzwa kulipia upasuaji. Daktari anamwona mtu mmoja kwenye kiti. Uamuzi wa kumeza dawa, kurudi kliniki au kukubali kisu utafanywa na watu watano au sita, na wengi wao hawakusikia hata sentensi moja iliyosemwa chumbani.

Matibabu mengi huharibikia hapo, kati ya mlango wa daktari na sebule ya nyumbani. Dawa ilikuwa sahihi, kipimo kilikuwa sahihi, ila ujumbe ulifika nusu. Mwongozo huu ni wa huyo anayeingia chumbani na wa hao wanaomsubiri nje.

Kabla mlango haujafunguliwa

Muda ni mfupi, na si Mwanza peke yake. Watafiti waliokusanya takwimu za nchi 67 mwaka 2017 walikuta kwamba karibu nusu ya watu duniani wanaishi katika nchi ambako daktari wa huduma za msingi hukaa na mgonjwa dakika tano au chini ya hapo. Anayeijua foleni ya wagonjwa wa nje Jumatatu asubuhi hatashangaa. Dakika hizo zikiishia kwenye "mwili wote unauma," daktari ataandika vipimo vya malaria na mkojo, na mgonjwa atarudi na kilekile kilichomleta.

Kwa hiyo anza na lililokutoa nyumbani. Watu wengi hufanya kinyume: hutaja kichwa, hutaja mgongo, hutaja usingizi, kisha wakishashika kitasa cha mlango ndipo wanasema, "Halafu daktari, kuna kitu kingine." Kitu hicho kingine, uvimbe kwenye titi, damu kwenye choo, kushindwa tendo la ndoa, ndicho kilichokuwa ugonjwa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wakakuta kwamba mgonjwa hukatizwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18. Wagonjwa wachache walioachwa wamalize kusema hawakuzidi dakika mbili na nusu. Kukatiza si adabu nzuri, na daktari anayesoma hapa na ajiangalie. Lakini mgonjwa anayejua kwamba atakatizwa huweka la aibu mbele.

Jipange tangu kwenye benchi. Lilianza lini, linazidi wakati gani, umeshameza nini, umetoka wapi. Hilo la mwisho watu hulidharau, na kandokando ya Ziwa Victoria ni kosa kubwa. Machi 2023, ugonjwa uliotangazwa kwanza kama usiojulikana ulizuka Bukoba Vijijini, na siku chache baadaye maabara ikathibitisha kuwa ni Marburg. Mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, akaanza kuumwa aliporudi kijijini, akafia huko. Miongoni mwa waliofuata walikuwa watu wanne wa familia yake na wahudumu wa afya wawili waliowahudumia. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni mwaka huohuo, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa tisa, na sita kati yao walifariki. "Nimetoka kisiwani wiki iliyopita, na kuna mwenzetu alikufa kwa homa" ni sentensi ya sekunde tano. Inamwambia muuguzi avae glavu, na inamwambia daktari awaze zaidi ya malaria.

Kichocho nacho kinataka habari za namna hiyohiyo. Mvuvi, mkulima wa mpunga, mama anayefua ufukweni na mtoto anayeoga ziwani wote wako kwenye hatari ya kichocho cha tumbo, ambacho kikiachwa miaka mingi hulivimbisha ini na mwishowe mtu hutapika damu. Nyumbani damu hiyo hupewa majina mengi: kifua kikuu, sumu, mkono wa mtu. Ukimwambia daktari kwamba umekulia kwenye mitumbwi ya Ukerewe, umemsogeza karibu na jibu.

Sasa dawa za kienyeji. Watu huzificha kwa sababu moja: wanaogopa kufokewa. Na wanafokewa kweli. Lakini daktari asiyejua kwamba mgonjwa ana siku nne anakunywa mizizi atadhani ini limeharibika kwa sababu nyingine, au ataongeza dozi pasipohitajika. Mwaka 2011, maelfu ya watu, wakiwemo wengi wa kanda hii, walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wapo walioacha dawa za kisukari na za kufubaza virusi vya UKIMWI baada ya hapo. Mtu kwenda kikombe ni imani yake. Kilichokuwa hatari kuliko kikombe chenyewe ni kliniki kutojua kwamba dawa zimeachwa. Sema hivi, bila kujitetea: "Nimetumia dawa ya mganga kwa siku nne, ya kunywa, na hizi za hospitali niliacha Jumatano." Ukiweza, beba hiyo chupa. Daktari akifoka, mwache amalize, habari imeshafika.

Chumbani, na lugha tatu

Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza hukutana kitandani kwa mgonjwa mmoja. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, ina vitanda zaidi ya 900 na hupokea wagonjwa wa Mwanza, Geita, Simiyu, Shinyanga, Mara na Kagera. Pia ni hospitali ya kufundishia ya chuo kikuu cha CUHAS. Katika hospitali yoyote ya namna hiyo nchini, raundi ya asubuhi ni darasa: bingwa, madaktari walio mafunzoni, wanafunzi na muuguzi wa zamu huzunguka kitanda na kujadili kwa Kiingereza. Mgonjwa analala katikati yao akisikiliza sauti tu. Akiona mwanafunzi anakunja uso, anahitimisha kwamba anakufa.

Usikubali raundi ihame kitanda bila neno lako. Wakimaliza, sema: "Daktari, samahani, mmeamua nini juu yangu leo?" Swali hilo halimkosei mtu heshima. Wakiwa na haraka, mwite muuguzi wa zamu baada ya raundi. Yeye ameandika maagizo yote na mara nyingi ndiye anayeyaeleza vizuri zaidi. Ndugu nao wajue kwamba raundi hufanyika wakati wao wako nje ya geti na vyombo vya uji. Muulizeni muuguzi kiongozi wa wodi ni saa ngapi daktari anaweza kuonana na ndugu, kisha mtumeni mmoja. Akienda shangazi leo, mjomba kesho na jirani keshokutwa, kila mmoja atarudi na hadithi yake, na wodi itawachoka.

Kuhusu mkalimani, kuna jambo la kuangaliwa kwa karibu. Chukulia bibi wa Misungwi anayejua Kisukuma tu, ameletwa na mjukuu wa kiume wa miaka kumi na minane. Daktari anauliza kama bibi anapata maumivu anapokojoa, na kama anatokwa na uchafu ukeni. Kijana anatazama sakafu. Anamuuliza bibi kitu kifupi, bibi anajibu maneno mengi akionyesha kiuno, na kijana anatafsiri: "Anasema ni mgongo tu." Hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya. Mjukuu hana mdomo wa kumuuliza bibi yake hayo, na bibi hana mdomo wa kumjibu. Shingo ya kizazi haikuangaliwa siku hiyo.

Mkienda na mzee asiyejua Kiswahili, apelekwe na mtu wa jinsia yake na wa rika linaloweza kuongea naye. Kama hayupo, ombeni muuguzi anayejua lugha. Katika vituo vya mkoa huu hakosekani Msukuma, Mkerewe au Mjita kwenye zamu. Mkalimani atafsiri lote, hata lile analoona halina maana. Na daktari aliyehamia kutoka Mbeya au Pemba atapata zaidi ya anavyodhani kwa kuanza na "Mwangaluka, mayu," kisha kungoja aitikiwe kabla ya kuuliza chochote. Kwa mzee wa Kisukuma, anayeanza na swali bila salamu ni polisi.

Halafu zipo tarakimu. Kadi ikiandikwa 8:00, mwandishi amekusudia saa mbili asubuhi, lakini aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaona nane na anafika saa nane mchana, kliniki imefungwa. Uliza kwa mdomo: "Saa mbili asubuhi?" Kwenye bahasha ya dawa, 1x3 ni kidonge kimoja mara tatu, lakini "kutwa mara tatu" haisemi usiku unahesabiwaje wala kama mtu anayekula mara mbili kwa siku ameze vipi hicho cha tatu. Dawa mseto ya malaria, ALu, inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo zito. Humezwa mara sita ndani ya siku tatu: dozi ya pili baada ya muda wa saa nane kupita tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Aliyeanza saa nne asubuhi anameza tena saa kumi na mbili jioni, siyo kesho yake. Tena humezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kama maziwa au uji wa karanga, ili iingie mwilini sawasawa. Homa ikishuka siku ya pili, vidonge vilivyobaki haviwekwi kabatini kwa ajili ya mtoto mwingine.

Dawa ya haya yote ni kurudia. Kabla ya kuinuka kwenye kiti, sema: "Naomba nirudie nione kama nimeelewa. Nina presha, nameza hiki kimoja kila asubuhi hata nikijisikia mzima, na narudi baada ya mwezi." Umekosea, utasahihishwa papo hapo. Tafiti za kumbukumbu za wagonjwa zimeonyesha mara nyingi kwamba sehemu kubwa ya yale tuliyoelezwa hospitali husahaulika kabla hatujafika nyumbani, na habari nzito ndiyo husahaulika zaidi kwa sababu mtu hushikwa na neno moja, "saratani" au "figo," na hasikii lililofuata. Daftari la matibabu ulilonunua kwenye dirisha la mapokezi lina kurasa tupu za kutosha. Mwombe daktari akuandikie jina la ugonjwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa nyuma.

Swali moja lisikose hata foleni ikiwa ndefu namna gani: "Nikiona dalili gani nirudi usiku huohuo, nisingoje tarehe?"

Familia ikiingia

Hapa ndipo kazi ilipo kubwa.

Familia za huku huponya. Ndizo zinazochangia damu, kulala kwenye korido, kuuza mpunga. Pia ndizo zinazomfuata daktari pembeni na kumnong'oneza, "Mzee ana saratani? Tafadhali msimwambie, atakufa kwa presha." Ombi hilo linatoka kwenye upendo, na madaktari wengi hulikubali kwa kuwa linawapunguzia mazungumzo magumu. Lakini mzee anapelekwa kwenye jengo la saratani, anakaa kwenye benchi na wagonjwa wa saratani, anapewa tiba ya mionzi. Anajua. Anachokosa ni mtu wa kuongea naye, na nafasi ya kugawa shamba lake angali ana sauti. Njia iliyo bora ni kumuuliza yeye mwenyewe mapema, kabla majibu hayajatoka: "Baba, majibu yakija, unataka daktari akueleze wewe yote, au azungumze na sisi?" Wapo wazee watakaosema, "Ongeeni na mwanangu mkubwa." Huo ni uamuzi wake na uheshimiwe. Wengi watataka kujua.

Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayetoa ridhaa ya upasuaji wake, lakini kila muuguzi wa wodi ya wazazi anajua mambo yanavyokwenda: mama anahitaji kufanyiwa upasuaji, mume yuko ziwani na simu haipatikani, mama mkwe anasema tusubiri. Saa zinakwenda. Mazungumzo hayo yafanyike mimba ikiwa na miezi saba, nyumbani, watu wakiwa wamekaa. Nani ataamua mume asipopatikana? Nani wawili watachangia damu? Fedha iko kwa nani? Wauguzi wa kliniki ya wajawazito huuliza maswali haya, na akina mama hujibu "mume wangu" ili yapite. Mume aende kliniki angalau mara moja akayasikie.

Wakati mwingine anayekataa ni baba wa familia, na daktari hana neno atakaloliamini. Tafuta anayemsikiliza. Kati ya kazi za utafiti zilizofanywa kaskazini mwa Tanzania, moja ilichapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2017: katika vijiji 16, kampeni ya tohara ya wanaume iliendeshwa kama kawaida, lakini katika vinane kati yake viongozi wa makanisa walipewa kwanza mafunzo kuhusu tohara, upande wa tiba na upande wa maandiko, wakazungumza na waumini wao kwa namna yao. Kwenye vijiji hivyo asilimia 52.8 ya wanaume walijitokeza. Kwenye vingine ni asilimia 29.5. Huduma, daktari na kisu vilikuwa vilevile. Mchungaji, sheikh au mwalimu mkuu mstaafu anaweza kumfikisha baba yenu kliniki ya presha ambako ninyi mmeshindwa.

Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, inastahili aya zake. Watafiti wa Bugando na wenzao walipopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 kutoka mikoa tisa ya kaskazini magharibi mwa Tanzania, matokeo yalionyesha kwamba asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wenyewe na asilimia 20.3, yaani mtoto mmoja kati ya watano, walikuwa wamebeba kinasaba chake bila kuumwa. Kwa maneno mengine, karibu kila ukoo wa huku unacho.

Na bado habari ya selimundu ikifika nyumbani, hugeuka kesi ya mama. "Kwetu hakuna damu ya hivyo." Ndoa huvunjika kwa sentensi hiyo. Ukweli ni kwamba mtoto hapati selimundu mpaka apokee kinasaba kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Mume anayemfukuza mke kwa ajili hiyo amejikana mwenyewe. Ni vizuri zaidi daktari aliseme hilo baba akiwepo, kuliko mama kutumwa akaliseme peke yake. Mwombe muuguzi akupangie siku ya kurudi na mwenzako, kisha daktari awaeleze pamoja.

Kuna kosa lingine, la hesabu. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba, huambiwa kwamba uwezekano wa mtoto kuwa mgonjwa ni mmoja kati ya nne. Wengi huelewa kwamba wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa wazima. Sivyo. Kila mimba inaanza hesabu upya: nafasi ni ileile moja kati ya nne, hata kama wa kwanza na wa pili wote ni wagonjwa. Muulize daktari akuchoree kwenye karatasi. Muulize pia kuhusu haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu, na dalili zinazotaka mtoto akimbizwe usiku: homa kali, kupauka ghafla, kupumua kwa shida, mkono au mguu kulegea upande mmoja.

Siri. Picha ya majibu ya maabara ikishaingia kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, hairudi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya majibu ya kipimo cha VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Sheria hizo zinamfunga mhudumu, lakini adabu inamfunga shemeji pia. Ndugu wa Dar es Salaam au Muscat anayetuma fedha za matibabu ana haki ya kujua gharama. Hapo hajapata haki ya kupiga picha jalada. Akitaka kumsikia daktari, mgonjwa akubali kwanza, daktari aombwe kwanza, ndipo simu iwekwe sauti ya juu.

Ziwa lina ratiba yake

Tarehe ya kliniki huandikwa kwa kalenda ya ukutani. Mvuvi wa dagaa anafuata mwezi wa angani: giza likiingia anakwenda kuvua kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali anapumzika, ananyoosha nyavu, anakuja mjini. Tarehe yake ikiangukia kwenye giza, atakosa, na kwenye jalada ataandikwa "mtoro." Kumbe sentensi moja ingetosha: "Sista, wiki hiyo tuko majini, nipangie wakati wa mbalamwezi." Anayetumia dawa za kufubaza virusi na hali yake imetulia aulize pia kuhusu kupewa dawa za miezi mitatu au sita, na kama anahama kutoka kisiwa hadi kisiwa achukue barua ya uhamisho, maana kituo kipya hakitajua alichopewa cha zamani.

Barabara na maji navyo vieleze. Mpaka Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, rufaa ya kutoka Sengerema au Geita ilitegemea kivuko. Ukerewe na visiwa vingine bado vinategemea kivuko na boti. Ndiyo maana Sengerema, pamoja na mkoa jirani wa Shinyanga, ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kujaribu mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Ukipiga 115, bila malipo, mpokeaji simu hupima uzito wa hali ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, kisha hutafuta gari la wagonjwa, au dereva wa jirani aliyesajiliwa ambaye hulipwa na mfumo. Mpigaji asipige kelele "mgonjwa anakufa" na kukata. Ataje kijiji na alama inayoonekana barabarani, mimba ina miezi mingapi, damu inatoka au hapana, ametapatapa kwa degedege au hapana, na namba itakayopatikana. Simu iwe na chaji; mimba ikifika mwezi wa nane, mtu aipeleke kuchajiwa kila siku kabla ya jua kuzama.

Ikumbukwe tu kwamba maneno mazuri hayaponyi kila kitu. Kwenye hospitali 20 za kanda hii ulifanyika utafiti ulioitwa Daraja, ukiwa na wagonjwa 500 wenye VVU waliokuwa wamelazwa. Nusu yao walipata ofisa ustawi wa jamii aliyekaa nao mara kadhaa, kuanzia wodini hadi walipofika kliniki. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba walioshikwa mkono hivyo walifika kliniki na kubaki kwenye dawa zaidi ya wenzao. Vifo vya mwaka wa kwanza havikupungua. Huenda wengi walikuwa wamefika hospitali wakiwa wamechelewa mno.

Siku ya kuruhusiwa nayo ina yake. Watu hufurahi, hukimbilia bodaboda, na karatasi ya ruhusa hukunjwa mfukoni bila kusomwa. Kaa dakika kumi. Dawa zipi za zamani ziendelee na zipi ziachwe? Kidonda kisafishwe wapi? Mgonjwa ale nini, na kwa kawaida ya nyumbani ni nani anayepika? Huyo ndiye aliyepaswa kuwepo wakati daktari anaeleza habari ya chumvi. Deni likiwa limekwama, ombeni kumwona ofisa ustawi wa jamii kabla ya kuanza kugombana na dirisha la malipo. Wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo kwenye sera ya msamaha.

Mkitendewa vibaya, lalamikeni kwa majina na saa. "Wauguzi wa pale wana roho mbaya" halifanyiwi kazi na mtu yeyote. "Jumanne saa tano usiku, wodi ya wazazi, tuliita mara tatu na hakuna aliyekuja" linafuatilika. Anzia kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi wa kituo. Zahanati na vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wajumbe wa kijiji au mtaa wenu. Jambo likiwa zito, lipo Baraza la Madaktari na lipo Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na kwa swali ambalo limekujia usiku, karatasi iko mkononi na kliniki imefungwa, namba ya Wizara ya Afya ni 199, bure.